FERI KUUKUU ZIPUMZISHWE, WATU WAKE WASISAHAULIWE



Mara nyingi twasikia watu wakizisifu feri za zamani za huku pwani. Wazee husimulia feri ya Mtwapa, ilivyovutwa kwa mnyororo, vijana wakiimba huku na huku mpaka ng'ambo. Kilifi nako feri ilivusha watu na magari mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Hadithi hizi ni tamu, wala hatuzikatai.

Lakini twauliza: wimbo ule wa Mtwapa ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa wafanyakazi. Waliimba ili mikono iende pamoja, maana mnyororo mzito hauvutwi na mtu mmoja mmoja. Msafiri alisikia ngoma. Mvutaji alisikia mgongo wake.

Tena, uzee wa chombo hauna utamu juu ya maji. Feri kuukuu huharibika mara kwa mara, na feri moja ikilala gatini, watu wa feri mbili hujazana katika moja. Hapo ndipo hatari. Tusisahau tarehe 29 Aprili, 1994. Feri ya Mtongwe ilikuwa na watu wapatao 400, nayo ilifanywa kuchukua 300. Ikapinduka, wakafa watu 272. Wengi walikuwa wenzetu, waendao kazini Mombasa asubuhi. Hawakupanda kwa starehe. Saa ya kazi haimngoji mtu.

Wako wasemao, "Mwenye haraka na angoje feri ya pili." Maneno hayo husemwa na mtu asiyekatwa mshahara kwa kuchelewa.

Basi sisi twasema hivi. Kwanza, chombo kilichochoka kitolewe majini kabla hakijaua, na kingine kiwe tayari kushika mahali pake. Pili, nahodha akisema feri imejaa, neno lake liwe la mwisho, wala asiadhibiwe kwa kukataa kung'oa. Tatu, feri moja ya zamani iwekwe nchi kavu watoto wetu waione, na ubavuni paandikwe majina ya waliovuta minyororo, waliotia mafuta mitambo na waliofunga kamba, si majina ya wakubwa waliokata utepe tu.

Mwenye kupenda vya kale na aanze kwa kuwaheshimu waliovifanyia kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa feri hauna ukuta, una kaburi.

Umoja ni nguvu.