Komredi wa Kimumu, stika ya i7 isile HELB yako bure

HELB ikiingia, komredi wa Chuo Kikuu cha Eldoret anayelala Kimumu huwaza laptopu kabla hata ya kodi ya hosteli. Unashuka tao, muuzaji anakuwekea mbili za mtumba mezani. Moja ina stika ya Core i7, nyingine i5. Mkono unaenda kwa i7, sivyo? Ngoja kwanza.

Tuseme hiyo i7 ni i7-7500U ya 2016, na i5 ni i5-8250U ya 2017. Zote ni za Intel. Hiyo i7 ina viini 2 vya kufanya kazi. Hiyo i5 ina 4! Ukifungua programu nyingi kwa pamoja, "mdogo" anampita "mkubwa".

Ilikuwaje? Si kiwanda kipya. Zote mbili zilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14, ambayo Intel ilianza kuuza 2014 na kuiboresha kidogo kidogo. Kilichobadilika ni hiki: Machi 2017, AMD iliyokuwa imeachwa nyuma miaka mingi ilirudi sokoni na Ryzen. Mwaka huohuo, i5 za laptopu nyepesi zikatoka viini 2 hadi 4. Mimi siamini hiyo ni sadfa. Unajua vile ruti yenye sacco moja hukaa na viti vilivyochanika. Ikiingia ya pili, kila mtu anakumbuka kushona viti.

Kisha vita vikahamia viwandani. AMD ilijitoa kwenye viwanda vyake 2009. Mwaka 2019 ilianza kuuza prosesa zake za nanomita 7 zilizotengenezwa na TSMC wa Taiwan, huku Intel ikihangaika na nanomita 10. Namba hizo siku hizi ni majina ya biashara kuliko vipimo vya rula, lakini faida ni ya kweli: kazi zaidi, umeme kidogo. Ndiyo maana Ryzen 5 4500U ya 2020 ina viini 6 kwenye laptopu ya kawaida.

Sasa mbona ujali leo? Kwa sababu Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla inataka Intel ya jenereshoni ya 8 kwenda juu. Ofisi za ng'ambo zikitupa mashine zilizofungiwa nje, usishangae zikitua kwetu zikiwa zimepanguswa vizuri, stika ya i7 iking'aa.

Kwa hivyo kabla ya kutuma M-Pesa, mwambie muuzaji awashe mashine, ufungue mipangilio usome jina lote la prosesa. Kwa Intel za enzi hii, angalia namba baada ya kistari: 7500U ni ya 7, 8250U ni ya 8, 10510U ni ya 10. Akikataa kuiwasha, ondoka.

Na usiwe shabiki wa kampuni kama ni Gor au Ingwe. Intel ilipokosa mpinzani, wewe ndiye uliyeuziwa viini 2 miaka nenda miaka rudi. AMD nayo ikibaki peke yake itafanya vivyo hivyo. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii.