Tusiuze kwa kilo kumbukumbu za Shaaban Robert

Hivi majuzi, karibu na kituo cha matatu hapa Mwihoko, nilinunua karanga za shilingi ishirini. Zilikuwa zimefungwa katika ukurasa wa kitabu cha Kiswahili. Nilipoukunjua, nikakutana na jina la Majivuno, yule waziri amshtakiye Karama katika Kusadikika. Nilirejea kwa muuzaji mbio mbio, nikamwomba anionyeshe kilichosalia. Alinipa kitabu kisicho na jalada, bila malipo, huku akicheka. (Nilinunua pakiti tatu zaidi, nisije nikaonekana mdowezi.)

Kitabu hicho kilikuwa na muhuri wa shule ambayo sitaitaja. Kila mtaala unapobadilika, vitabu vya zamani hufungwa kwa kamba na kupimwa kwenye mizani kama taka. Hakuna anayeuliza kilichomo.

Ni jambo la kusikitisha mno. Ufaransa, nyumba alimozaliwa Jean de La Fontaine mwaka 1621, mjini Château-Thierry, imegeuzwa makumbusho. Visa vyake vya wanyama vimechorwa katika sahani, mazulia na stempu, na wako watu ambao kazi yao ni kuvitafuta na kuvihifadhi vitu hivyo. Je, sisi tumemhifadhia nini mtunzi wetu wa mafumbo? Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alitupa nchi inayoelea angani ambamo mtu hushtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, chini ya utawala wa Mwingereza, naye mwandishi akiwa karani wa serikali hiyo hiyo! Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wenye husuda waligeuzwa manyani. Visa vya namna hii vingetosha kupamba vikombe na kanga za nchi nzima.

Hata hivyo, sililii vikombe. Kikombe hununuliwa leo, kesho kikavunjika. Ninaloomba ni kuhifadhiwa kwa vile vilivyopita katika mikono ya wasomaji: matoleo ya kale, madaftari ya walimu, karatasi za maigizo ya shule, picha za wanafunzi waliovaa kama mawaziri wa Kusadikika.

Wapo watakaosema kwamba ukusanyaji ni anasa ya matajiri. Nawajibu kwa mfano mmoja. Shaaban Robert alikuwa akimwandikia barua nduguye, Yusuf Ulenge. Nduguye huyo hakuwa na jengo la makumbusho wala kabati la kioo, alizitunza tu. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizichapisha kama kitabu, zikianzia mwaka 1931 hadi 1958. Miaka 27 ya maisha ya mwandishi imetufikia kwa sababu mtu mmoja hakuwashia moto karatasi zile. Ni utajiri gani uliohitajika hapo, isipokuwa subira?

Ninachokiogopa zaidi ya muuza karanga ni mkusanyaji mchoyo, anunuaye toleo la kale na kulifungia kabatini lisionwe na mtu. Heri basi kazi hii ishikwe na shule. Sanduku moja la bati katika chumba cha walimu latosha kwa mwanzo, na kila kitu kiandikwe kilipatikana wapi, lini na kwa nani. Wanafunzi watumwe kwa babu na nyanya zao waulize kuna nini kwenye masanduku ya chini ya vitanda. Na kabla ya mwalimu mkuu kumwita mnunuzi wa karatasi kuukuu, mwalimu wa Kiswahili apewe siku moja ya kupekua.

Nakala yangu sasa imeshonwa kwa uzi. Pambizoni, mwanafunzi asiyejulikana ameandika kwa penseli maana za maneno magumu, na penye utetezi wa Karama ameweka alama kubwa ya mshangao. Kurasa za mwisho hazimo. Nadhani zilikwisha kufunga karanga. Ikiwa kuna msomaji wa Mwihoko, Githurai au Ruiru aliyezinunua, naomba asizitupe.