Fomula ya Rangi Niliyolipia Iandikwe Kwenye Kopo!

Leo nina hasira. Waliokuja kusoma habari za hifadhidata na seva wanivumilie kidogo, ingawa wakifika mwisho wataona kwamba kisa ni kilekile cha data kukaa mikononi mwa mtu asiyeijali.

Usiku baada ya kazi huwa naunda kigarimoshi. Ni mfano wa Garratt za daraja la 59, yale majitu ya East African Railways yaliyovuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Yalikuwa 34, yakaundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja likapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nambari 5918, Mount Gelai, lipo Makumbusho ya Reli pale Nairobi. Lenyewe lina zaidi ya mita 31. Langu, kwa kipimo cha 1:87, lina sentimita 36 hivi za bati na plastiki. Rangi yake ni damu ya mzee, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kichupa cha dukani chenye damu ya mzee ninayoitaka sikukipata. Basi nikachanganya mwenyewe nyekundu, nyeusi na kahawia, nikapaka kwenye kipande cha bati kama sanduku la kiberiti, nikaenda nacho kwa 5918 mchana, nikakilinganisha, nikarudi nyumbani, nikachanganya tena. Safari tatu. (Najua rangi ya garimoshi linalokaa nje hufifia na hupakwa upya. Msinianze.) Nilipotosheka nikakipeleka kwenye duka la rangi lenye mashine.

Mashine ile naipenda, sitaki kusema uongo. Unaibandika kwenye sampuli, inamulika mwanga wake, halafu inapima ni kiasi gani cha mwanga kinachorudi katika kila sehemu ya upinde wa mvua. Kwa kawaida huanzia nanomita 400 hadi 700, kila baada ya nanomita 10. Hizo ni nambari 31 kwa rangi moja. Kisha programu inatafuta mchanganyiko wa rangi za kukolezea utakaokaribia sampuli yako, na pampu zinadondosha kila moja ndani ya besi. Nikanunua lita nzima ya rangi ya mafuta. Nikaomba fomula. Nikaambiwa ni siri ya kampuni, lakini nisijali, "iko kwa kompyuta."

Nikapuliza tangi la mbele. Safi kabisa! Halafu nikashikwa na kazi miezi minane, kopo halikufungwa vizuri, rangi ikaganda. Kosa langu hilo, nakubali. Nikarudi dukani. Kompyuta? Ilibadilishwa. Fomula? Haikuhamishwa. Kijana wa kaunta akaniambia nisiwe na wasiwasi, tutaisoma tena kutoka kwa tangi lenyewe. Ikasomwa, ikachanganywa, nikapuliza tangi la nyuma. Garratt ina tangi mbele na tangi nyuma, boila imening'inia katikati, kwa hivyo jicho linayaona yote mawili kwa pamoja.

Juani, mapacha. Usiku nikawasha balbu ya LED mezani: la mbele damu ya mzee, la nyuma kahawia ya matope.

Wengi hudhani mashine imekosea. Haikukosea. Rangi mbili zenye viungo tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kuachana chini ya mwingine, kwa sababu jicho letu linakusanya mwanga wote katika vipokezi vya aina tatu tu na kusahau mengine. Mara ya pili programu ilichagua viungo vingine vya kufikia palepale. Ilifika, lakini kwa mwanga wa mchana tu. Kama fomula ya kwanza ingekuwa kwenye kifuniko, viungo vingekuwa vilevile na nisingekuwa naandika haya.

Sasa yupo rafiki yangu, mtu wa programu kama mimi, aliyeniambia, "Si upige picha kwa simu, uchukue nambari ya heksa, uwapelekee?" Jamani! Heksa ni nambari tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Ndiyo, zinatoa michanganyiko 16,777,216, lakini zote ni maagizo kwa kioo kinachotoa mwanga. Bati halitoi mwanga. Tena simu yenyewe imeshakisia weupe wa picha kabla hujaiona. Nambari 31 zimeshindwa kunilinda, tatu zitafanya nini? Beba kipande kilichopakwa, kikavu, bapa, kikubwa kuliko tundu la mashine.

Kuna lalamiko moja la wenzangu wa mifano ambalo siliungi mkono: kwamba maduka yanatunyanyasa kwa kukataa kuchanganya kopo dogo. Kopo la Humbrol lina mililita 14, kwa nini tuuziwe lita? Piga hesabu. Fomula ikidai mililita 2 za nyeusi kwa lita, kwa mililita 15 itadai 0.03. Hiyo haifiki hata tone moja. Pampu itapima vipi? Nunueni lita mgawane, mumwache kijana wa kaunta apumue.

Lakini siri? Siri gani? Marekani ni jambo la kawaida kopo lililochanganywa dukani kubandikwa lebo yenye besi, viungo na vipimo vyake, na kampuni za huko hazijafa. Wananiambia fomula haina maana kwa rangi za kampuni nyingine. Kweli, na sikusema nataka kuipeleka kwingine. Naitaka kwa tawi lao lenyewe, kwa kampuni yao wenyewe, siku kompyuta yao itakapobadilishwa tena. Sampuli niliitengeneza mimi, safari tatu za makumbusho nilienda mimi, lita nililipia mimi. Wao wakahifadhi mistari sita ya maandishi bila nakala ya pili.

Wajerumani walianza RAL mwaka 1927 wakiwa na rangi 40 tu, ili mnunuzi na mtengenezaji waache kutumiana vipande vya sampuli kila mara. Karibu karne moja baadaye mimi natembea mjini na tangi la garimoshi mfukoni.

Tangi la nyuma nimelikwangua hadi bati. La mbele nalo itabidi, maana yote mawili lazima yatoke kopo moja. Jumamosi narudi dukani, na kabla pampu haijadondosha chochote nitaomba lebo. Wakikataa, nitaomba wageuze kioo cha kompyuta nipige picha. Wakikataa na hilo, kuna mafundi wa rangi za magari Kirinyaga Road wanaochanganya kwa jicho, na fundi hanikatazi kuangalia anachomimina.