Lafudhi Yetu Pekee Haichekeshi

Ndugu Mhariri, mwandishi wenu alidai kwamba vichekesho vya kuiga lafudhi za makabila vinatuunganisha Wakenya, na asiyecheka ana kinyongo. Nampinga. Hapa Tabaka, kwetu Wagusii, tunajua kucheka. Tulicheka na kundi la vichekesho la Redykyulass, Walter Mong'are na wenzake walipomwigiza Rais Moi naye angali Ikulu. Mzaha ule ulihitaji ujasiri. Hata tamthilia ya vichekesho ya Papa Shirandula, iliyoanza Citizen TV mwaka 2007, ilikuwa na neno: bawabu anamficha mkewe kazi yake kwa aibu. Kujikweza huko ni kwetu sote, na marehemu Charles Bukeko, aliyekuwa bawabu huyo, alikuigiza kwa huruma.

Lakini Mgusii anayeletwa jukwaani ili afoke tu na kukasirika anafichua tabia gani ya taifa? Hakuna. Kichekesho cha kweli kiko kwingine: mchongaji wa hapa anavuta vumbi la mawe ya sabuni mchana kutwa, kisha dalali ananunua kinyago kwake kwa bei ya kutupa na kukiuza Nairobi kwa watalii kwa bei ya juu. Dalali huyo ndiye wa kuchekwa. Watunzi, njooni mkae na wachongaji kabla hamjaandika.