ANAYEMNYIMA MKULIMA BUNDUKI ANADAIWA ULINZI

Wanachama wenzetu,

Khabari ya bunduki na leseni aghlabu huzungumzwa kana kwamba ni shauri la polisi na majambazi peke yao. Sisi twasema ni shauri la kila mwananchi. Na anayetaka kulifahamu aelekeze macho ng'ambo ya bahari yetu, kwenye mwambao wa Kilwa na Lindi, ambako watu wameishi chini ya sheria za silaha kwa zaidi ya miaka 130, na kila utawala uliopita umewaachia funzo.

Visiwa vyetu havikuwa mbali na mambo haya. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja, Euan-Smith, alikisia kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani hii. Mwaka 1890 madola yakatia saini Mkataba wa Brussels. Mkataba huo, pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, ulikataza kuingizwa silaha za kisasa katika Afrika, tangu digrii 20 kaskazini hata digrii 22 kusini, na visiwa vya karibu na pwani vikiwemo. Zilizoachwa ziuzwe ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Zilizo bora zikabakia mikononi mwa serikali na mwa wachache waliopewa vibali.

Kukomesha utumwa lilikuwa jambo la haki, na hapana shaka kuwa bunduki ndiyo iliyowateka wanyonge wengi. Lakini waliowanyang'anya watu silaha njema hawakuwapa amani badala yake. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipozuka katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, wananchi walisimama na mikuki na magobori mbele ya bombomu za Wajarumani. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu.

Wakaja Waingereza. Utawala wao nao ulikuwa wa kigeni, lakini hesabu moja waliijua: mkulima asiye na bunduki hawezi kumzuia tembo. Kwa hivyo Idara ya Wanyama iliweka watu wenye silaha kulinda mashamba. Bwana Ionides, aliyekaa Liwale, alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika Jimbo la Kusini. Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Leseni ni mapatano. Serikali inapomwambia raia, "Usishike bunduki ila kwa idhini yangu," inajitwika wajibu wa kumlinda yeye, watoto wake na muhogo wake.

Wala hatusemi kuwa sheria kali haina maana. Katika pori la Selous, linalopakana na Kilwa na Liwale, tembo walihesabiwa kuwa karibu 39,000 mwaka 2009. Mwaka 2013 walionekana kiasi cha 13,000 tu. Bunduki za majangili ndizo zilizofanya hayo. Tanzania ikatunga Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ikaondoa ile ya 1991, na sisi twaiona nia hiyo kuwa njema.

Dunia nayo haina njia moja. Katika Uingereza, mtu mzima hununua bunduki ya upepo ya nguvu ndogo pasipo cheti, lakini Scotland, iliyo chini ya mfalme yule yule, imedai leseni tangu mwisho wa mwaka 2016. Japani, kwa sheria ya 1958, haimwachii mtu hata bunduki ya upepo bila ya idhini. Marekani, katiba yao tangu 1791 inataja silaha kuwa ni haki ya watu, na sheria ya dola yao haiihesabu bunduki ya upepo kuwa ni silaha ya moto. Kila taifa limechagua kwa kadiri ya historia yake. Tusiige Marekani wala Japani. Tuulize tu: sheria yetu inamfikia nani, na inamwacha nani?

Mwindaji mgeni hushuka na bunduki yake, hupewa kibali cha muda, akapiga mnyama wake, akaondoka. Mkulima wa Liwale hukesha shambani na debe la kupiga, moto na pilipili. Akionekana na gobori la babu yake, ni mhalifu. Akiuawa na tembo, Kanuni za mwaka 2011 ziliwawekea warithi wake kifuta machozi cha shilingi 1,000,000. Je, hiyo ndiyo thamani ya roho ya mwenye nyumba? La hasha!

Basi twadai mambo matatu. Mosi, ombi la leseni lijibiwe wilayani kwa muda uliotajwa, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na njia ya kukata rufaa. Pili, kila kijiji kinachopakana na hifadhi kiwe na askari wa wanyamapori waliofunzwa, wenye silaha, walio karibu. Tatu, malipo ya mazao yaliyoliwa yafike kabla ya mvua za kupandia.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwenye silaha isiyo na cheti aisalimishe, kama Serikali ilivyotoa nafasi ya msamaha mwaka 2022. Chama kinachodai haki kwa hoja hakihitaji bunduki iliyofichwa darini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tuyazungumze haya matawini, kisha tuyapeleke kunakohusika kwa sauti moja.