Dosie yenye kulala ni dosie yenye kufa

Vijana wa Kisangani, wandugu na madada,

Kila mara mwanamuke anauawa katika muji wetu, iwe Mangobo, Kabondo ama Lubunga, mambo ni yaleyale. Siku ya kwanza watu wanajaa, simu zinapiga picha, polisi wanafika, na mukubwa anatangaza kama uchunguzi umeanza. Kwenye matanga kila mutu analia. Kisha mwezi moja, nani anauliza tena? Familia peke yake.

Tunasema wazi: ukimya ule unasaidia muuaji, juu sheria yetu inamuhesabia siku.

Fungua Code pénal ya Congo, kitabu cha kwanza, kifungu 24. Kosa lenye azabu kali, hata kuua mutu, linazimika kisha miaka 10. Wanasheria wanaita ile preskripsioni. Mwanamuke aliyeuawa 2016, kama hakuna mutu aligusa dosie yake, mwaka 2026 mulango unafungwa. Muuaji anaweza kupita Makiso saa sita ya muchana, na parke haina tena nguvu ya kumufuata.

Lakini kifungu 26 kinaleta dawa. Tendo moja la uchunguzi likifanyika mbele ya ile miaka 10 kwisha, hesabu inakatika na kuanza upya. Kusikiliza shahidi na kuandika PV, kwa mufano. Karatasi moja tu! Kwa hiyo OPJ mwenye kuacha dosie kwenye kabati anachagua upande, hata kama hakupokea franka moja.

Angalia Kenya. Agnes Wanjiru alikuwa na miaka 21 na mutoto wa miezi mitano. Alipotea Nanyuki mwezi wa tatu 2012, muji wenye askari wa Uingereza wanafanyia mazoezi. Maiti yake ilipatikana ndani ya shimo la choo nyuma ya hoteli. Kisha, kimya. Familia haikunyamaza. Mwaka 2019 muamuzi Njeri Thuku akatangaza kama aliuawa na askari wa Uingereza. Mwaka 2021 gazeti Sunday Times la London likachapisha ushuhuda wa askari wenyewe. Mwezi wa tisa 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ikatoa amri ya kukamata raia mumoja wa Uingereza. Hajahukumiwa bado, na si kazi yetu kumuhukumu. Lakini hesabu mwenyewe: ni miaka 13. Kenya kosa la kuua halizimike. Kwetu, kama dosie ile ingelala tu, ingekufa 2022.

Kisangani tunajua uzito wa kungojea. Vita vya Siku Sita vya mwezi wa sita 2000, wakati jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana katikati ya nyumba zetu, mpaka leo familia nyingi zinatafuta haki. Hatukubali kifo cha dada yetu kiingie kwenye foleni ileile.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa polisi na wa parke:

1. Familia ipewe namba ya dosie, ile RMP, bila kulipa kitu. Mutu mwenye kufiwa asiombwe pesa ya karatasi wala transport ya OPJ.

2. Munganga aitwe kuchunguza maiti mbele ya kuzika, na Serikali ilipe.

3. Kila miezi mitatu parke itangaze: dosie ngapi za wanawake waliouawa ziko wazi, ngapi zimefika tribinali.

4. Hakuna mapatano ya kifamilia juu ya damu. Mbuzi na mafranka havifunge dosie ya muuaji.

Na sisi vijana, tuko na kazi yetu. Ukifika mahali mutu ameuawa, usikanyage, usiguse, usitumie picha ya maiti kwenye WhatsApp: mama yake ataiona. Kama ulisikia ama uliona kitu, andika siku na saa, upeleke ushuhuda wako. Na usichome mutu moto juu watu wanamushuku. Ukiua mwenye hatia, umeua pia jina la wenzake. Ukiua asiye na hatia, muuaji wa kweli anakushukuru.

Kila mumoja wetu achukue jina moja la dada aliyeuawa katika komini yake. Uende kwa familia na heshima, uulize tarehe, uulize namba ya RMP, uhesabu miaka iliyobaki. Kisha pamoja na familia, kwa amani, tupeleke barua parke na kuomba ushahidi wa kupokelewa. Tukikosa jibu, tutarudi.

Wao wanahesabu siku. Na sisi tuanze kuhesabu.

Haki kwa dada zetu!