Majogoo wanne kwa kuku wanane

Ndugu zangu, na nyie wa mashirika mnaotusoma humu, leo nasema wazi. Kugawia kila familia kuku wawili na jogoo mmoja, hapa Bujumbura mjini, ni kutupa pesa.

Naishi Kinama. Kiwanja kimoja, familia nne, choo kimoja. Mradi ulipokuja, kila familia ikasaini, ikapokea watatu wake. Usawa, wakasema. Haya, jumlisheni: kuku wanane, majogoo wanne. Jogoo mmoja mwenye afya anatosha kuku wanane mpaka kumi! Hao wengine watatu walikuwa na kazi gani? Kupigana. Wakichoka kupigana, wanawapanda kuku mchana kutwa, mpaka migongo ikabaki ngozi tupu na vidonda. Kuku wa hivyo anajificha nyuma ya mapipa, hali vizuri, hatagi. Mama mdogo alidhani ni ugonjwa, akanunua dawa. Dawa ya nini? Ugonjwa wenyewe ulikuwa unawika juu ya ukuta.

Eti jogoo wa shamba hawiki mjini. Njooni kwetu saa tisa usiku! Mwenye nyumba alitupa wiki moja: waondoke wao au sisi. Mkimbizi kufukuzwa nyumba kwa sababu ya jogoo wa msaada, hebu fikirini.

Halafu kuna ile imani kwamba bila jogoo kuku hatagi. Anataga. Yai lake linaliwa, linauzwa, ila haliangui kifaranga tu. Familia inayotaka mayai ya watoto haihitaji jogoo hata mmoja. Zinazotaka vifaranga zinahitaji mmoja wa kiwanja kizima, na siku 21 za kuatamia. Na vifaranga wakija, karibu nusu watakuwa madume, mtake msitake.

Hapo nawageukia vijana wenzangu, maana si mashirika peke yao. Jogoo akianza kuwika tunampiga picha, tunampa jina la mchezaji mpira, kumuuza hatutaki. Wakati huohuo anakula pumba na mahindi kama kuku, na faranga haleti hata moja. Watengeni mapema, muwauze karibu na Noeli au Idi, watu wanapotafuta nyama. Na yule wa kubaki asitoke kwa vifaranga wa hapohapo, atapanda dada zake na mama yake. Badilishaneni na kiwanja kingine. Hiyo haihitaji semina.

Wa mashirika, najua ripoti inapenda kila familia ipate namba ileile. Lakini kuku wetu wanaishi kiwanjani, hawaishi kwenye ripoti. Tuulizeni kwanza nani anataka mayai, nani anataka vifaranga. Pesa ya majogoo watatu ingesaidia chanjo ya kideri, maana kikiingia kinafagia banda zima kwa siku chache.

Sisi tulishaamua. Wawili tuliwauza, mmoja tukamla, familia zote nne sufuria moja. Tuligombana sana nani abakize wake, na mama mmoja alinuna wiki nzima. Sasa aliyebaki tunamlisha kwa zamu. Kuku wameanza kuota manyoya mgongoni. Mwenye nyumba bado anatuangalia vibaya, ila hajarudia ile habari ya wiki moja.